Korongo wa Bi Kamini

Kwa miezi kumi na moja ya mwaka, Kamini Lal ni mtu mpole. Wasichana aliowafundisha ushonaji katika shule ya misheni pale Allahabad, ambao leo ni mama wa watu, watakuapia kwamba hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Lakini Desemba ikiingia, huyo mpole hufungasha virago, na anayebaki ndani ya nyumba ni askari wa keki.

Na ana sababu. Keki ya Krismasi pale mjini inaokwa bekari, kwenye tanuri la kuni, na kila familia hupeleka vitu vyake yenyewe: samli, mayai, zabibu, boga lililopikwa kwa sukari likakauka, jemu ya machungwa, shamari ya kusaga. Mwenye keki hukaa hapohapo kwenye moshi, aione ikikorogwa, ikiingia na ikitoka. Makopo ya kuokea ni ya bekari na yote yanafanana, na vikaratasi vya majina vinavyowekwa juu huwa vimeungua kabla keki haijaiva. Ukipepesa macho, unarudi nyumbani na keki ya jirani.

Mumewe, mzee Stanley, karani mstaafu wa reli, alipepesa. Ilikuwa zamani, mwaka ambao mtoto wao Anurag aliingia chuo. Kamini alikuwa na homa, akamtuma mzee akalinde keki. Mzee akalinda, akachoka, akatoka nje kunywa chai, na aliporudi akabeba makopo aliyoyakuta. Krismasi ile familia ya Lal ikala keki ya Bi Samson, mama wa kanisani kwao ambaye, kwa maneno ya Kamini, huoka kwa mayai mawili na sala. Tangu hapo Stanley anaruhusiwa kubeba sanduku la vitu mpaka mlango wa bekari, kisha anageuka na kurudi nyumbani. Na kila Desemba lazima akumbushwe.

"Chai," Kamini humwambia, akipima samli. "Mwanamume mzima. Chai."

"Kulikuwa na baridi, Mama Anurag."

"Tanuri lilikuwa mbele yako."

Aliyechukua nafasi ya mzee kwenye ulinzi alikuwa mjukuu wao, Suhani. Tangu akiwa na meno ya utoto, kila alipoletwa Krismasi kutoka Delhi, alikaa na bibi yake juu ya kreti zilizopinduliwa mbele ya tanuri, wakigawana karanga, mmoja akipumzisha macho mwingine akitazama. Kamini aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi yenyewe, ingawa hilo asingelisema mbele ya padri. Halafu mtoto akawa msichana. Mwaka jana alikuja akajifungia chumbani na simu yake, na Kamini akaenda kukaa kwenye kreti peke yake, karanga zote zake, na hazikuwa na ladha. Mwaka huu, Novemba, Anurag akapiga simu kusema kwamba Suhani anaomba abaki Delhi na rafiki zake.

"Anaona huko kumepooza, Mama," Anurag alisema. "Ni umri tu."

Iliuma. Kamini alikaa mezani na simu sikioni, akasikia inavyouma, akasema, "Mpe simu nimsalimie."

Suhani akaamkia kwa adabu, sauti ya mtu anayejua kinachokuja. Macho ya Kamini yakashuka mpaka kwenye ule mguu mfupi wa meza, ambako Stanley alikuwa amesukumiza kitabu kinene ili meza isiyumbe. Kilikuwa cha Suhani, alikisahau mwaka jana.

"Kile kitabu chako cha majoka," Kamini alisema. "Ulichokuwa unakula nacho."

"Mlima Unaopumua?"

"Hichohicho. Njoo. Krismasi hii nyumba nzima itakuwa ya kitabu hicho. Mapambo, keki, vitafunio, kila kitu."

Suhani akauliza, "Bibi, unajua hata kinahusu nini?"

"Nitajua."

"Baba atakutafutia muhtasari kwenye simu?"

"Nimesema nitajua."

"Haya. Nitakuja," Suhani alisema baada ya kufikiri. "Lakini tarehe ishirini na sita narudi."

Kamini akakata simu, akainama, akakichomoa kitabu. Meza ikainama upande aliokaa Stanley na chai yake ikammwagikia mapajani, jambo ambalo Kamini aliliona ni haki iliyochelewa.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Kamini kilikuwa cha kusoma polepole, kidole juu ya mstari. Jalada lilikuwa limeliwa na mguu wa meza. Kurasa za mwanzo zilimkera kwelikweli. Watu walikuwa wengi mno, na wote, alimlalamikia Stanley, wana majina kama dawa za kikohozi. Alichoelewa ni kwamba kuna msichana yatima anaitwa Neri, kuna mlima unaotoa pumzi kwa sababu joka limelala chini yake, na kuna koo zinazogombania ufunguo wa mlima huo. Alisoma kwenye foleni ya gesi, alisoma akimenya njegere. Mara mbili alilala na miwani usoni.

Halafu akafika mahali pa Mzee Korongo. Huyu alikuwa mkuu wa ukoo wa Korongo, mzee mwenye goti bovu, ambaye anambeba Neri mgongoni na kumvusha mto wa barafu, na wakifika ng'ambo anampa mkate wake wa mwisho na kumwambia kwamba yeye ameshiba. Stanley alimkuta mkewe jikoni akijifuta machozi kwa ncha ya sari.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Wamevuka."

"Kina nani?"

"Niache, Baba Anurag. Huelewi chochote."

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na swali nyumba itapambwaje. Kamini aliwajua ndege hao, korongo, tangu utoto, wale warefu wenye vichwa vyekundu wanaotembea wawili wawili kwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto Ganga. Alitaka bendera kubwa ya korongo juu ya lango, na alitaka kitambaa cha kijivu kinachong'aa. Akafungua kabati, akatoa sari ya hariri, akaitandaza mezani, akachukua mkasi.

"Hiyo si ile niliyokununulia nilipostaafu?" Stanley aliuliza.

"Ndiyo."

"Mara moja tu umeivaa."

"Ulichagua kitambaa kizuri. Shika hapo, usivute."

Mkasi ukapita. Mzee alifumba macho kama mtu anayedungwa sindano, lakini alishika. Kisha akatumwa juu ya ngazi kuning'iniza maua ya manjano, akatumwa tena kufunga nyota ya karatasi, akatumwa kufungia pamba kwenye matawi ya mpera wa uani, ambao mwaka huo ulipandishwa cheo ukawa msitu wa theluji. Kamini akakata korongo wadogo kutoka kwenye makopo ya maziwa na kuwatundika kwa uzi mpaka uani kote kukawa kunalialia upepo ukipita. Jikoni akakunja gujiya, vile visambusa vitamu vya nazi na maziwa vilivyo na umbo la nusu mwezi, akavipaka rangi ya kijani na kuvipanga kwenye sinia kubwa, kimoja kikilalia kingine, magamba ya joka. Ukungu wa Desemba ulijiletea wenyewe, bure, mpaka lango halikuonekana kutoka barazani. Kamini alitoka barabarani kuitazama kazi yake, na akaridhika.

Treni ya Delhi ilichelewa kwa sababu ya ukungu huohuo. Anurag na binti yake walifika karibu na saa ya chakula cha mchana, siku tatu kabla ya Krismasi. Suhani alikuwa amerefuka tena. Alishuka kwenye teksi, simu mkononi, akainua macho kwenye lango, akasimama.

Juu yake korongo wa hariri, mrefu kuliko mtu, kichwa chekundu, alikuwa ametanua mbawa.

"Nani kakwambia uweke Korongo?" Suhani aliuliza.

"Aniambie nani? Nimejichagulia mwenyewe. Katika kitabu kizima kuna mtu gani kumzidi yule mzee? Wengine wote wapiga kelele tu."

Msichana alimtazama bibi yake, akaitazama bendera, akamtazama tena bibi. Midomo ikaanza kumcheza. "Bibi, umefika wapi?"

"Nimefika wapi kivipi? Nimekimaliza. Wamevuka mto, wameuona mlima, basi. Hadithi imekwisha vizuri."

"Na cha pili?"

"Kuna cha pili?"

Anurag, ambaye usiku mzima kwenye treni alikuwa amesoma muhtasari wa vitabu vyote vitatu ili asiaibike mbele ya mama yake, alicheka. "Mama, lakini huyo Korongo wako si ndiye anayekuja—"

Hakumaliza. Suhani alimkanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Anayekuja nini?" Kamini aliuliza.

"Anayekuja tena," Suhani alisema haraka. "Baba anataka kusema atakuja tena. Bibi, ni nzuri sana. Ni nzuri mno." Akamkumbatia bibi yake kwa nguvu, jambo ambalo hakulifanya mwaka jana wala mwaka juzi. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Kamini hakujua kama analia au anacheka.

Kamini aliwaingiza ndani, akawalisha, akaona jinsi msichana anavyowagusa korongo wa bati mmoja mmoja pale mperani, na anavyokula magamba ya joka mpaka sinia likaonyesha kipara. Moyo wake ulikuwa umejaa, lakini kubwa lilikuwa bado. Kesho yake ilikuwa zamu yao ya bekari, na alikuwa ameapa kutomwomba mtoto aje. Akiomba, atakuja kwa adabu tu, na adabu Kamini alikuwa ameshaichoka.

Asubuhi Stanley alibeba sanduku mpaka barabarani. Kamini alijifunga shali, akachukua mfuko wa karanga, mkubwa kuliko unaomtosha mtu mmoja, akatoka. Suhani alikuwa tayari amekaa kwenye riksho, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, mapajani kitabu kinene.

"Umechelewa, Bibi," alisema. "Nimeleta cha pili. Nitakutafsiria, usije ukalala na miwani."

"Nani kakwambia nalala na miwani?"

"Babu."

"Babu yako ana mdomo."

Bekari ya Naeem ilikuwa imejaa kama kawaida ya tarehe hizo, akina mama wa kanisa hili na lile kwenye kreti zao, kila mmoja akilichunga sanduku lake. Bi Samson alikuwepo pia, kapu lake dogo magotini. Naeem mwenyewe, mwokaji, ndevu zimejaa unga, aliwaona wakiingia akacheka.

"Mwalimu, mlinzi wako karudi?"

"Alikuwa likizo," Kamini alijibu, kama vile si jambo.

Keki yao ikakorogwa. Kamini alisimama juu ya karai, akaona kila yai likivunjwa na kila kipande cha boga kikizama. Makopo yakajazwa, yakapewa vikaratasi, yakasukumwa tanurini kwa mti mrefu wa mwokaji. Hapo tu ndipo alipokaa kwenye kreti, akamkabidhi Suhani karanga, akasema, "Haya, huyo Neri kaamkaje?"

Suhani akaanza. Alisoma Kiingereza kwa macho na kutoa maneno ya nyumbani kwa mdomo, na pale jina lilipokuwa gumu alilipachika jina la mtu wa mtaani. Kwanza Kamini peke yake alisikiliza. Kisha mama wa kreti ya pili akasogea, kisha wa tatu akauliza huyo Neri ni binti wa nani, akaelezwa. Baadaye hata vijana wa Naeem wakawa wanapiga unga taratibu ili wasikie. Bi Samson peke yake aligeukia ukuta. Kwake majoka hayakuwa mambo ya Wakristo. Neri akaufikia mji wa mlimani, adui akauzingira, chakula kikaisha. Mzee Korongo akapewa ufunguo wa lango aulinde.

"Hapo wamefanya vizuri," Kamini alisema. "Huyo hata chai hatoki kunywa."

Suhani aligeuza ukurasa, akaendelea. Adui alikuwa amemteka mjukuu wa Korongo. Alfajiri, watu wote wakiwa wamelala, mzee mwenye goti bovu akashuka ngazi, akaingiza ufunguo, akafungua lango.

"Soma tena," Kamini alisema.

"Bibi."

"Soma tena hapo. Kuna kitu umeruka."

Suhani akasoma tena, neno kwa neno, sauti chini. Hakuwa ameruka kitu.

"Kafungua?" Naeem aliuliza, mti wake ukiwa umesimama hewani. "Lango lenyewe?"

"Walikuwa na mjukuu wake," mama mmoja alisema.

"Na waliolala ndani si wajukuu za watu?"

Ukazuka ubishi. Wapo waliosema angekwenda kumwambia Neri, wapo waliosema mtoto ni mtoto. Makopo yakatoka tanurini, mtu akaita "Lal!" na tena "Lal!", na Kamini, macho yake yakiwa kwenye ukurasa asioweza kuusoma kwa mbali, alipunga mkono tu: wekeni hapo. Bi Samson alichukua makopo yaliyokuwa karibu naye, akaaga kwa ukavu, akaenda zake. Suhani alikuwa amefika pale Neri anapomtazama mzee usoni.

Kwenye riksho ya kurudi, walipokaribia kanisa, Kamini alimgeukia mjukuu wake.

"Alimbeba mtoto wa watu mgongoni," alisema. "Kwenye barafu."

"Najua, Bibi. Mimi nilipofika hapo nilikitupa kitabu ukutani."

"Kwa hiyo ulijua. Tangu jana, pale langoni."

"Nilijua. Baba alitaka kuniharibia." Suhani alihamisha makopo kutoka goti moja hadi jingine. "Ungekuwa umesoma muhtasari, Bibi, usingemweka Korongo. Kwa kuwa ulimweka, nikajua umekisoma kweli. Chote. Kwa Kiingereza." Akayapima makopo kwa mikono. "Mwaka huu keki nyepesi."

"Wewe ndiye umekua," Kamini alisema, na akatazama pembeni, kwa sababu alikuwa karibu kulia tena, na safari hii si kwa ajili ya mtu wa kitabuni.

Siku ya Krismasi, walipotoka kanisani, Kamini alizipanga keki tatu moja juu ya nyingine, akachonga kileleni shimo na kuzamisha kikombe ndani yake, akanyunyiza sukari laini juu yake mpaka ikawa theluji. Suhani akamimina maji yanayochemka ndani ya kikombe. Mvuke ukapanda taratibu kutoka kileleni. Mlima ulikuwa unapumua. Anurag aliupiga picha kila upande, na kisu akapewa mzee wa nyumba, kama ilivyo desturi.

Stanley alikata, akatia kipande mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Akaweka kisu mezani polepole sana, na usoni mwake ikaanza kutokea furaha ambayo Kamini hakuwa ameiona tangu siku ya harusi yao.

"Mama Anurag," alisema kwa upole, "ulitoka kunywa chai?"

Kamini alionja. Mayai mawili na sala. Akaiona, waziwazi kama yuko pale, meza ya akina Samson saa hiyohiyo, boga la sukari lote lile, samli yote ile, na Bi Samson akipokea pongezi. Akatafuta neno la kujitetea. Kulikuwa na moto, kulikuwa na kelele, kulikuwa na lango lililofunguliwa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililosaidia.

"Nilikuwa nasikiliza hadithi," alisema mwishowe.

Stanley akacheka mpaka akashika meza, na meza, ambayo haikuwa na kitabu tena chini ya mguu, ikayumba, na mlima ukateremka upande mmoja. Suhani aliudaka kwa mikono miwili, naye akicheka mpaka machozi, sukari mpaka kwenye viwiko. Wakaila hivyohivyo, keki ya watu, wakaishushia na gujiya.

"Bibi," Suhani alisema alipopata pumzi, "na Korongo je? Tumshushe langoni?"

Kamini alitazama nje. Ukungu ulikuwa umepungua, na hariri ya kijivu ilikuwa inameta. Akamtazama mumewe, ambaye kwa miaka yote ile alikumbushwa kikombe kimoja cha chai na hakuwahi kununa.

"Mwacheni," alisema. "Nikimshusha yeye, itabidi babu yako amfuate, na mimi nyuma yao."

Tarehe ishirini na sita Suhani alifunga begi lake. Kitabu cha pili walikuwa wamekimaliza jioni ile ya Krismasi chini ya mpera, na kilikwisha vibaya: Neri kafungwa, na Korongo haijulikani aliko.

"Mjukuu wake je?" Kamini aliuliza getini, mkono juu ya mlango wa teksi. "Alirudishiwa?"

"Iko kwenye cha tatu. Kipo Delhi. Nikuharakishie, Bibi? Nikwambie tu?"

Kamini alitamani kujua. Alitamani sana, angekuwa radhi kutoa sari nyingine.

"Usithubutu," alisema.

"Basi nitakitia posta kesho. Wiki ijayo unacho."

"Posta wanapoteza vitu," Kamini alisema. "Kilete mwenyewe."

Suhani alimtazama, kisha akashuka tena kwenye teksi, akampa simu baba yake amshikie, akamkumbatia bibi yake chini ya yule korongo. "Pasaka," alisema. "Na usinunue kingine mjini ukasoma bila mimi."

"Pasaka iko mbali," Kamini alisema.

"Najua, Bibi. Ngoja nimuulize Baba kuhusu Januari."